"Nimeiona": sekunde 85 juu ya San Diego

Asubuhi ya Septemba 25, 1978, anga ya San Diego, California, ilikuwa safi kabisa. Rubani aliweza kuona umbali wa maili 10, na hapakuwa na mvua, ukungu wala wingu la kusingizia. Boeing 727 ya shirika la PSA, safari namba 182, ilikuwa inakuja kutua katika uwanja wa Lindbergh ikitokea Sacramento kupitia Los Angeles. Ndani walikuwamo watu 135. Katika anga hiyohiyo, chini kidogo, kulikuwa na Cessna 172 yenye watu wawili, mkufunzi na rubani aliyekuwa akijifunza kuruka kwa kutegemea ala, yaani vipimo vya dashibodi bila kutazama nje. Saa 3 asubuhi na dakika moja hivi ndege hizo ziligongana zikiwa kwenye futi 2,600 hivi. Wote 137 waliokuwa angani walikufa, na wengine saba walikufa ardhini, katika mtaa wa North Park ambako Boeing iliangukia.

Ajali za ndege kugongana angani ni nyingi katika historia, na nyingine hueleweka upesi: marubani hawakujua kwamba kuna mwenzao. Hii ni tofauti, na ndiyo maana naona kila anayejifunza urubani angepaswa kuipitia sekunde kwa sekunde. Marubani wa Boeing waliambiwa juu ya ile Cessna zaidi ya mara moja. Walielekezwa iliko, wakaitazama, wakasema redioni kwamba wameiona. Toka waseme hivyo mpaka kugongana zilipita sekunde 85 hivi.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu kinasa sauti cha chumba cha marubani kiliyahifadhi.

Mwongozaji ndege anapotaka kumwonyesha rubani ndege nyingine hutumia uso wa saa. Tarakimu 12 ni mbele ya pua ya ndege, 3 ni kulia, 6 ni mkiani, 9 ni kushoto. (Ni tarakimu iliyochapwa kwenye saa, mtu asiichanganye na saa sita ya mchana.) Saa 3:00 na sekunde 15, mwongozaji wa eneo la kukaribia uwanja, aliyekuwa mbele ya rada katika kituo cha Miramar, aliiambia PSA 182 kwamba kuna ndege mbele yao, 12, umbali wa maili tatu, inapanda kutoka futi 1,700. Rubani msaidizi akasema ameipata. Sekunde moja baadaye kapteni akajibu redioni: ndege tunaiona. Mwongozaji akamwambia basi ajitenge nayo kwa macho, kisha ahamie masafa ya redio ya mnara wa Lindbergh.

Hapo kazi ilibadilisha mikono, na tusipopaelewa hapo hatutakielewa kisa kizima. Kabla ya jibu lile, aliyekuwa na jukumu la kuzitenganisha ndege mbili hizi alikuwa mwongozaji, mwenye rada inayomwonyesha zote mbili pamoja na mwinuko wake. Baada ya jibu lile, jukumu lilihamia kwenye macho ya watu walioketi nyuma ya kioo cha Boeing. Ruhusa hiyo ina sharti ndani yake: uendelee kuiona. Ukiipoteza, sema mara moja, ili mwenye rada achukue kazi yake.

Sekunde kumi na tano hivi baadaye mnara nao ukawaambia: 12, maili moja, Cessna. Ndani ya chumba mmoja akauliza, ndiyo hiyo tunayoitazama? Jibu likaja: ndiyo, lakini sasa siioni. Kapteni akauambia mnara kwamba walikuwa nayo pale dakika moja iliyopita. Kisha akaongeza kwamba anadhani imeshapita upande wao wa kulia.

Maneno hayo kwa Kiingereza yalitegemea mwisho wa kitenzi kimoja. Kinasa sauti kilibeba kitu kinachosikika kama "imepita". Mwongozaji wa mnarani alieleza baadaye kwamba yeye alisikia "inapita". Sisi tunaosema Kiswahili tunaujua vizuri umbali ulio kati ya -me- na -na-. "Inapita" ni maneno ya mtu anayeiangalia ndege ikienda pembeni. "Imepita" ni maneno ya mtu anayekisia. Mwongozaji aliyesikia la kwanza hakuwa na sababu ya kuhangaika. Hata hivyo, mimi sitaki tuliwekee kitenzi hicho mzigo wote. Hata kama kingesikika sawasawa, bado kapteni hakusema sentensi iliyotakiwa, yaani "tumeipoteza". Alisema alichodhani. Neno "nadhani" lilikuwemo, na halikumshtua mtu yeyote katika pande zote mbili za redio.

Sasa turudi kwenye macho, kwa sababu ni rahisi mno kuwalaumu watu watatu waliokuwa kazini mle ndani kana kwamba walizembea tu. Kuiona ndege nyingine angani ni kazi ngumu kuliko anavyodhani abiria.

Mabawa ya Cessna 172 yana upana wa mita 11 hivi, ncha hadi ncha. Nyoosha mkono wako mbele, ushike rula. Ndege hiyo ikiwa umbali wa maili tatu za anga, yaani kilomita tano na nusu, upana wake wote unafunikwa na alama moja ya milimita kwenye rula hiyo. Ikiwa maili moja, ni milimita tatu na nusu hivi. Na hayo ni mabawa, ambayo ukiyatazama kwa nyuma ni mstari mwembamba tu. Mwili wa ndege ni mdogo zaidi. Umbali ukipungua nusu, umbo linakuwa maradufu, kwa hiyo kwa muda mrefu kinabaki kitone, halafu katika sekunde chache za mwisho kinafumuka ghafla na kujaza kioo.

Jicho nalo lina mipaka yake. Sehemu inayoona kwa ukali ni ndogo sana, nyuzi mbili hivi katikati. Pembeni tunaona ukungu wa maumbo, na jicho la pembeni hushtuka hasa kitu kinapotembea. Ndiyo sababu wakufunzi wanakataza kufagia anga kwa jicho linaloteleza bila kutua. Rubani huigawa anga vipande vya nyuzi kumi hivi, anatuliza jicho kwenye kila kipande kwa sekunde moja au zaidi, kisha anasogea kipande kinachofuata. Anasogeza na kichwa pia, mbele, nyuma na pembeni, maana nguzo ya kioo inaweza kuficha ndege nzima kwa dakika nzima. Tena kwenye anga tupu lisilo na kitu cha kukamata, jicho hulegea na kulenga karibu, mita chache tu mbele ya pua, na kitone cha mbali hakionekani hata ukikielekea. Dawa yake ni kuangalia kwanza kitu cha mbali, mlima au ukingo wa upeo wa macho, ndipo uendelee kupekua.

Lakini jambo gumu kuliko yote ni hili: ndege mnayokwenda kugongana nayo, nyote mkiwa mnaruka moja kwa moja kwa mwendo usiobadilika, haitembei kwenye kioo chako. Inakaa palepale. Ile inayohama kwenda kushoto au kulia ndiyo isiyo na hatari, na ndiyo jicho la pembeni linayoidaka upesi. Ile iliyoganda kama uchafu wa mdudu kwenye kioo ndiyo ya kuogopa, na ndiyo isiyomshtua mtu.

Weka hayo juu ya ramani ya asubuhi ile. Boeing ilikuwa inaelekea mashariki, sambamba na njia ya kurukia, ili baadaye igeuke na kutua kwa kuelekea magharibi kwenye njia namba 27. Cessna ilikuwa imemaliza mazoezi ya kukaribia njia namba 9 kwa ala, ikaambiwa ishike mwelekeo wa nyuzi 070, yaani mashariki ikipinda kaskazini, na isizidi futi 3,500. Baadaye iligeuka ikashika kama nyuzi 090, mashariki moja kwa moja, bila kumwarifu mwongozaji. Tofauti ni nyuzi 20 tu. Ila kwa tofauti hiyo ndege mbili zikawa zinaelekea upande mmoja, kubwa nyuma na ndogo mbele, kubwa inashuka na ndogo inapanda. Kitone hakikuwa na sababu ya kuhama kushoto wala kulia.

Tena kilikuwa chini. Wachunguzi walipojenga upya mwonekano kutoka kwenye viti vya marubani wa Boeing, walikuta Cessna ingekuwa sehemu ya chini ya kioo, na nyuma yake si mbingu ya bluu bali mapaa ya nyumba, barabara na miti ya mji. Ndege ndogo juu ya mji ni kama punje ya mchele juu ya mkeka wa rangi nyingi. Rubani akikaa nyuma kidogo au chini kidogo kwenye kiti chake, ukingo ule wa chini wa kioo unampotea kabisa, naye hajui kama umempotea.

Na je, waliyoiona mara ya kwanza ilikuwa ile Cessna kweli? Swali la "ndiyo hiyo tunayoitazama?" linaonyesha kwamba hata wao hawakuwa na uhakika, na tangu hapo wapo waliouliza kama kulikuwa na ndege ya tatu. Kwangu jibu lolote halibadilishi somo la chumba kile. Kama ilikuwa yenyewe, waliipoteza. Kama ilikuwa nyingine, hawakuwahi kuiona.

Upande wa Cessna mambo hayakuwa mepesi. Katika mazoezi ya ala, mwanafunzi huvaa kikingio kinachomzibia nje ili aangalie dashibodi tu, na mkufunzi ndiye anayekuwa macho ya ndege nzima. Macho hayo nayo yana dari: bawa la Cessna 172 liko juu ya kichwa, na linaziba kile hasa kilichokuwa kinakuja, kutoka nyuma na juu. Sheria ya anga inasema anayempita mwenzake ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa, kwa kugeukia kulia, na anayepitwa ana haki ya njia. Sheria hiyo imejengwa juu ya ukweli kwamba anayepitwa haoni nyuma. Kwa hiyo Cessna haikuwa na namna ya kujiokoa kwa macho. Ilikuwa inategemea kuonwa.

Turudi kwenye kinasa sauti. Baada ya kuongea na mnara, mazungumzo ndani ya Boeing yalienda kwenye kazi za kutua, flapu (vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), orodha ya ukaguzi. Kisha rubani msaidizi akauliza tena: tumeshaachana na ile Cessna? Mmoja akasema inapaswa kuwa hivyo. Mwingine akasema anadhani. Mwingine akasema anatumaini, na kicheko kikasikika. Kapteni akaeleza kwamba kabla hawajageuka aliiona karibu na 1, pengine sasa ipo nyuma yao.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na kila mara ninasimama kwenye lile swali la rubani msaidizi. Aliuliza swali sahihi, kwa wakati sahihi, zikiwa zimebaki zaidi ya sekunde 30. Muda huo ulitosha. Hesabu ambayo mamlaka ya anga ya Marekani imekuwa ikifundisha inasema toka jicho liione ndege mpaka ndege yako ianze kugeuka ni sekunde 12 na nusu hivi: kidogo sana ni kuona, sekunde moja kutambua kwamba ni ndege, tano kuelewa kwamba mnagongana, nne kuamua, kisha misuli na mwitikio wa ndege yenyewe. Lakini swali lile lilijibiwa kwa kumbukumbu. Hakuna aliyeinama mbele kutazama chini ya pua, na hakuna aliyebonyeza redio kuuliza mnara Cessna iko wapi. Picha ya kichwani, ya ndege iliyokwisha kupita kulia, ilikuwa imara kiasi kwamba ilichukua nafasi ya ndege halisi.

Sekunde 19 kabla ya kugongana, kompyuta ya rada kule Miramar ilitoa king'ora cha kuonya kwamba ndege mbili zinaingiliana. Waongozaji walikiona na kukisikia. Hawakumwonya yeyote. Ukiisikia hivyo unakasirika, nami nilikasirika, mpaka ukae kwenye kiti chao: Boeing imeshasema inaiona Cessna, imeshahamia masafa ya mnara, na king'ora hiki hulia mara kwa mara kwa ndege zinazopishana salama kwa sababu zinaonana. Kwa hesabu yao, king'ora kilikuwa kinarudia jambo ambalo marubani walishalishughulikia. "Tunaiona" ya sekunde moja ilikuwa bado inafanya kazi kule Miramar dakika nzima baada ya kuwa imekufa ndani ya Boeing.

Sekunde kama kumi kabla, rubani msaidizi akasema kuna moja chini yao, kisha akasema alikuwa anaitazama ile inayoingia kule. Bawa la kulia la Boeing likaigonga Cessna. Mpigapicha aliyekuwa ardhini, Hans Wendt, aliinasa Boeing ikianguka huku bawa hilo likiwaka moto, na picha zake zimekuwa miongoni mwa picha za ajali zinazojulikana sana duniani.

NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilisema sababu ni marubani wa Boeing kutotimiza masharti ya kujitenga kwa macho, pamoja na lile la kumwarifu mwongozaji walipoacha kuiona ndege. Kama jambo lililochangia, ilitaja taratibu zilizoruhusu ndege zitenganishwe kwa macho wakati uwezo wa kuzitenganisha kwa rada ulikuwepo. Mjumbe mmoja, Francis McAdams, hakukubali. Yeye aliona taratibu hizo za uongozaji zistahili kuwa ndani ya sababu yenyewe, sambamba na kosa la marubani, badala ya kuwekwa pembeni.

Mimi niko na McAdams. Utafiti uliofanywa baadaye katika Maabara ya Lincoln, Massachusetts, ulionyesha kwamba rubani aliyeambiwa pa kutazama, sekunde yake moja ya kutafuta inafanya kazi kama sekunde nane za asiyeambiwa. Boeing ile ilikuwa na faida hiyo, tena mara kadhaa, kukiwa na mwanga wa asubuhi na jozi zaidi ya mbili za macho mbele. Kama njia hii inaweza kushindwa katika hali hiyo, basi haiwezi kuwa kinga pekee ya ndege yenye watu 135 wakati mtu mwingine ana rada inayoonyesha kila kitu. Kumwambia Boeing asimamishe kushuka mpaka Cessna iwe pembeni kungegharimu sekunde chache.

Mwaka 1980 anga ya San Diego iliwekwa chini ya udhibiti mkali zaidi, ambapo ndege ndogo haziingii bila ruhusa. Mwaka 1981 Marekani ilipiga marufuku mazungumzo na shughuli zisizo za lazima chumbani kwa marubani ndege ikiwa chini ya futi 10,000, ingawa chimbuko la kanuni hiyo lilikuwa pana kuliko kisa hiki. Lakini kinga halisi ilisubiri vifo vingine. Agosti 31, 1986, DC-9 ya Aeroméxico na Piper ndogo ziligongana juu ya Cerritos, California, nako hali ya hewa ikiwa nzuri, wakafa watu 82. Mwaka uliofuata bunge la Marekani liliagiza ndege za abiria zifungwe TCAS, chombo kinachouliza transponda (vifaa vya redio vinavyojibu rada) za ndege zilizo jirani, kinapima umbali na mwinuko, kinaonya, na hatari ikikaribia kinamwamuru rubani apande au ashuke. Kufikia mwisho wa 1993 kila ndege ya abiria ya huko yenye viti zaidi ya 30 ilitakiwa kuwa nacho.

Cessna ya San Diego ilikuwa na transponda inayotoa mwinuko. Ndiyo sababu mwongozaji aliweza kutaja futi 1,700. Kwa hiyo TCAS ingeiona. Isingejali mapaa ya nyumba wala ukingo wa kioo, wala isingekubali kuambiwa kwamba Cessna pengine ipo nyuma.

Hata hivyo ndege nyingi ndogo hazina chombo hicho, na nyingine hazina transponda kabisa, hivyo bado marubani kila siku wanapeana maneno yaleyale na kuyategemea. Mkufunzi mzuri humfundisha mwanafunzi kwamba akisema "naiona", kazi imeanza: aitaje ndege hiyo ilipo, airudie kwa jicho kila baada ya sekunde chache, na akiikosa kwa mitazamo miwili aseme bila aibu kwamba ameipoteza. Aibu ni sehemu ya tatizo hili. Kapteni mwenye uzoefu wa miaka kukiri redioni, mbele ya kila anayesikiliza masafa hayo, kwamba hakioni alichosema anakiona, si jambo dogo, na mafunzo yanapaswa kulizungumza waziwazi.

Imebaki sehemu ya Cessna, ambayo kwangu ndiyo inayoumiza. Sekunde chache baada ya Boeing kusema inaiona, mwongozaji wa Miramar aliwaambia wale wawili kwamba nyuma yao, kwenye 6, maili mbili, kuna jeti ya PSA inayokwenda Lindbergh, na kwamba inawaona. Walikiri kupokea. Baada ya hapo hawakuwa na sababu ya kugeuza ndege ili bawa liondoke njiani na mkufunzi apate kutazama nyuma. Dakika moja na robo baadaye mwongozaji huyohuyo aliwaita tena, akawaambia jeti ya PSA ipo jirani nao, inashuka kwenda Lindbergh, na inawaona. Ilikuwa saa 3:01 na sekunde 47, sekunde ileile ya kugongana. Hawakujibu.